Msaada: viinitete vya chura vinakwama vyote hatua moja, maonyesho ni mwezi ujao

Mwl_wa_Dimbwi: Wakuu, habari za muda huu. Nafundisha baiolojia Kigoma mjini. Wanafunzi wangu wanataka kuonyesha jeni zinavyoanza kazi ndani ya kiinitete cha chura. Mayai yanagawanyika vizuri: mawili, manne, manane, kwa hadubini unaona kabisa mfereji ukikata yai. Yakishakuwa mpira wa seli ndogondogo, basi. Kesho yake yamekuwa ya kijivu, yananuka. Nibadilishe maji au ninunue pampu ya hewa?

MzeeWaMigebuka: Maji ya bomba hayo, klorini. Mimi sato wangu waliisha kwenye simtanki, kiinua mgongo chote kikaenda. Mke wangu hadi leo akiona ndoo ananicheka.

NesiMstaafu: Chura wa kucha huyo? Zamani Ulaya walimdunga mkojo wa mwanamke; akitaga, mama ana mimba. Vijana wa siku hizi mnacheza tu.

Binti_Ujiji: Mwalimu unalala na vyura chumbani halafu unashangaa huolewi 😂

Seli4000: Maji mabaya yasingechagua hatua. Mwanzoni yai halitegemei jeni zake, linaishi kwa akiba ya RNA (nakala za maagizo ya jeni) na protini aliyoweka mama. Kwa Xenopus laevis, aina moja ya chura wa kucha, baada ya migawanyiko 12, seli kama 4,000, ndipo jeni za kiinitete zinaanza kusomwa kwa wingi. Ukizizuia kwa dawa, yai linaendelea kugawanyika, kisha linakwama kabla ya gastrula, hatua ambayo tabaka za mwili zinajipanga. Sasa niambie: baba ni nani?

Mwl_wa_Dimbwi: Chura pia, mkuu.

Seli4000: Aina ileile?

Mwl_wa_Dimbwi: Dume wa aina yake alikosekana. Nikamtia jike beseni moja na dume mwingine mkubwa kidogo, wa dimbwi jingine. Ila naye ana kucha! Wanafanana sana tu.

Seli4000: Kumbe. Yai la Xenopus tropicalis, aina nyingine ya chura wa kucha, likipata mbegu ya laevis, kiinitete kinakufa karibu na hapo hapo. Geuza, yai la laevis na mbegu ya tropicalis, viluwiluwi wanatoka. Akiba ya mama inaficha kasoro ya mchanganyiko mpaka zamu ya jeni zenyewe ifike. Onyesha hilo, ni tamu kuliko viluwiluwi.

Mwl_wa_Dimbwi: Bango limeshachapwa, lina picha ya kiluwiluwi. Siwezi kurudi nyuma. Pampu bei gani Mwanga, hapa Kigoma?

Kachero_Tabora: Ngojeni kwanza. Mwezi uliopita huyu alikuwa Urambo, analilia tumbaku yake. Leo mwalimu mwenye hadubini? Hii chai.

Mwl_wa_Dimbwi: Shamba la shemeji, nilimwandikia.

Kachero_Tabora: Tupia picha ya hayo mayai.

Mwl_wa_Dimbwi: Kamera ya simu imepasuka.

Binti_Ujiji: Chai na maandazi kabisa 😂😂

Seli4000: Na mimi nimeandika insha nzima!

MzeeWaMigebuka: Nani anajua dawa ya ukungu kwa sato?