Naomba ushauri: mfumo wa korosho, niuhamishie kwenye wingu?

Habari za jioni wakuu. Nipo Mtwara mjini, nimetengeneza mfumo wa tovuti kwa chama cha msingi kimoja huko Tandahimba. Wakulima wanaangalia kilo walizopeleka ghalani na malipo yao. Nimeuandika kwa lugha ya PHP, hifadhidata ni MySQL, na upo kwenye seva ndogo ya kukodi.

Tatizo ni msimu. Miezi mingi nalipia seva iliyolala. Minada ikianza Oktoba, siku ya malipo wote wanaingia kwa pamoja, seva inazima. Nimeongeza RAM mara mbili, nimepunguza ukubwa wa picha, bado.

Nimejaribu AWS, huduma ya wingu ya Amazon (unakodi kompyuta zao kupitia mtandao), kituo chao cha Cape Town kilichofunguliwa 2020. Kasi nimeipenda. Ila bili ni ya dola na inapanda kadiri watu wanavyotumia, wakati katibu anataka kiasi kimoja cha kupeleka kwenye kikao (namwelewa, wanachama watamla mbichi).

Kwa mliokwisha kufanya: bili mnaidhibitije isipite bajeti, maana naona tahadhari zinatumwa tu lakini huduma haikatiki? Na je, nianze kuhamisha hifadhidata peke yake, au hapo nitaongeza ucheleweshaji kati yake na tovuti iliyobaki kwenye seva ya zamani?