Ukitapeliwa kwa simu, kampuni ya simu ikulipe?

Kibaraza: Wakuu, laini tulisajili kwa alama za vidole, foleni za vitambulisho vya taifa pale NIDA tukazipanga mpaka Januari 2020 wakaanza kuzima za wabishi. Leo mtu anampigia mama yangu, anajifanya huduma kwa wateja: "Muamala wako umekwama mama, bonyeza hapa, weka namba ya siri." Hela kwisha. Kampuni inajua laini ni ya nani na hela imetolewa kwa wakala gani. Kwa nini isimlipe?

Chuma cha Pua: Aliyeweka namba ya siri ni mama yako. Ukimpa mwizi funguo, unamdai fundi kitasa?

Kibaraza: Mama yangu muache. Jibu hoja.

Mpole wa Temeke: Simu zote hizo zinatoka Laela. Rukwa wazimiwe mtandao mwezi mmoja tu, nchi itapumua.

Mtoto wa Sumbawanga: Imeanza. Mahindi yetu mnakula, ila mwizi akipiga simu ni Mfipa.

Mpole wa Temeke: Sijatunga mimi. Ripoti za TCRA hizo, mamlaka ya mawasiliano yenyewe, Rukwa na Morogoro ndio vinara.

Mtoto wa Sumbawanga: Na Morogoro mbona hujaizimia? Au Ifakara una wakwe?

Bi Mwajuma: 😂😂 Mimi nawachezea tu. Yule wa "ile kodi tuma kwenye namba hii" nilimjibu mwenye nyumba tumemzika jana. Akaniambia pole sana dada, basi tuma hata ya vocha.

Kibaraza: Dada, badala ya kuchati naye ungepeleka meseji yake 15040, namba ya TCRA ya kuripoti matapeli, wanakuuliza namba iliyotuma, wanaifungia. Na Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015.

Bi Mwajuma: Hiyo sheria si ya waliotukana watu mtandaoni? Ya matapeli sijawahi kuisikia ikimkamata mtu.

Wakala Tandika: Mnagombania mikoa bure. Mchezo uko kwenye usajili. Kijana wa mwavuli, yule anayesajili laini barabarani, anakwambia "kidole hakijasoma mzee, rudia." Ukirudia umemsajilia laini ya pili, hiyo anaiuza. Bonyezeni *106# muone namba zilizo kwenye kitambulisho chako.

Chuma cha Pua: Nimebonyeza. Kuna moja siijui.

Kibaraza: Kwa hiyo mama yangu kapigwa na Chuma cha Pua 😂

Chuma cha Pua: Acha utani. Hiyo laini nani anaifuta? Na kijana wa mwavuli alitumwa na nani kama si kampuni?

Kibaraza: Ndicho nilichouliza toka asubuhi.

Mpole wa Temeke: Vijana wa mwavuli wenyewe wengi wametoka huko huko bara.

Mtoto wa Sumbawanga: Wewe chunga mdomo. Sisi radi tunatuma bila salio.

Mpole wa Temeke: Umeona? Vitisho sasa. Wakuu mnashuhudia.

Mtoto wa Sumbawanga: Ifakara bado hujanijibu.