Malalamiko: Albamu mpya za Bongo Fleva ni magunia ya singo za zamani, na miksi zinameza maneno

Wakuu, salaam.

Uvumilivu umekwisha. Albamu zinazodondoshwa siku hizi zinatudharau sisi tunaozisikiliza, na kila anayelalamika anaambiwa ana wivu, au "kama unaweza katoe yako". Sitaji jina la msanii kwa sababu ugonjwa huu si wa mtu mmoja. Umeenea kuanzia lebo kubwa hadi chipukizi anayejisimamia mwenyewe. Nitataja dakika, sekunde na desibeli. Mwenye kupinga apinge hizo.

Tuanze na ujazo. Mtindo wa sasa ni nyimbo 17 hadi 20. Kabla hujaanza kusikiliza, fungua ukurasa wa msanii, nenda sehemu ya singo, halafu linganisha jina kwa jina na orodha ya albamu. Usidanganywe na mwaka ulioandikwa juu, huo ni mwaka wa albamu yenyewe. Singo iliyotoka miaka miwili nyuma ikiingizwa humo inaonekana kama imezaliwa leo. Katika nyimbo 17 utakuta 6 au 7 zilishapigwa redioni mpaka watoto wa shule wanaziimba. Mbili ni rimiksi za hizo hizo. Moja ni utangulizi wa sekunde 50, mtu anaongea juu ya kinanda. Zinabaki 7 au 8 mpya, na kati ya hizo tatu zimetolewa vionjo mitandaoni wiki baada ya wiki hadi kiitikio kimechakaa kabla wimbo haujatoka. Hiyo ni EP, yaani albamu fupi, ya nyimbo 7 iliyovalishwa kanzu ya albamu. Ingeitwa EP, hakuna ambaye angegomba.

Na ni makusudi. Kila rekodi ina namba yake ya utambulisho, ISRC, yenye herufi na tarakimu 12. Singo ikiingizwa kwenye albamu kwa ISRC ile ile, majukwaa yanaitambua kuwa ni rekodi moja na idadi ya mara ilizosikilizwa tangu mwanzo inahamia nayo. Kwa hiyo albamu inatoka Ijumaa, Jumamosi asubuhi linabandikwa bango la mamilioni, wakati mamilioni hayo yalikusanywa na singo mbili za mwaka juzi. Ukitaka kujua albamu imepokelewaje, toa singo zote kwenye hesabu, kisha tazama wimbo wa 11 umesikilizwa mara ngapi. Ukweli uko pale.

Urefu wa nyimbo nao. Spotify, ambayo ilifunguliwa Tanzania na Kenya mwaka 2021, inahesabu wimbo umesikilizwa ukifika sekunde 30. Wa dakika 2 na wa dakika 6 zinahesabiwa sawa. Watayarishaji wameshika hesabu hiyo na sasa nyimbo zote zinakatwa kutoka jora moja. Piga hesabu mwenyewe: biti ya mapigo 100 kwa dakika, kila mzunguko wa mapigo manne ni sekunde 2.4. Utangulizi wa mizunguko minne, sekunde 9.6. Kiitikio cha mizunguko minane, sekunde 19.2. Jumla 28.8. Ubeti unaanza tu, sekunde 30 zimegonga, wimbo umeshahesabiwa. Baada ya hapo ubeti wa mizunguko minane, kiitikio, ubeti wa pili wa mizunguko minane, kiitikio, kwisha. Dakika 1 na sekunde 45. Ubeti wa mizunguko 16, uliompa mtu nafasi ya kuanzisha kisa na kukimaliza, umezikwa. Kipande cha kati kinachobadilisha hisia kabla ya kiitikio cha mwisho hakipo kabisa.

Muziki wetu haukujengwa hivyo. Bendi za dansi zilikupa sehemu ya taratibu kwanza, maneno yakaeleweka, ndipo gitaa la solo likaingiza chemko na watu wakainuka. Wimbo wa taarab ulichukua dakika 10 na zaidi, fidla na ganuni zikijibizana na mwimbaji. Hata Bongo Fleva ya kaseti, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ililazimisha watu kupanga kazi: kaseti ya dakika 60 ina dakika 30 kila upande, hivyo wimbo wa kufungua upande A na wa kufungua upande B ulihitaji akili, maana mnunuzi alinunua kitu kizima na kuruka wimbo kulikuwa ni kazi. Leo nyimbo nne za kwanza ni singo tupu, na kuanzia wa 9 unasikia kabisa kwamba hakuna aliyekaa kuamua upi ufuate upi. Wimbo wa kuachwa unafuatwa na wa kula bata, halafu anarudi kuachwa.

Sasa nije kwenye kinachouma zaidi: miksi (kusawazisha sauti zote za wimbo) na masta (toleo la mwisho linalopelekwa sokoni).

Log drum, ile dramu nzito ya besi ya amapiano, imetoka kwenye vitongoji vya Gauteng, Afrika Kusini, na kule wanajua kuiachia nafasi. Wimbo unakwenda mapigo 112 au 113 kwa dakika, maneno ni machache, mara nyingi misemo mifupi, na dramu ile ndiyo inayoongea. Sauti yenyewe ni ile iliyomo ndani ya Fruity DX10, ala iliyomo kwenye FL Studio, programu ya kutengenezea muziki, na kila mwenye programu hiyo anayo. Huku imechukuliwa kama ilivyo, ikabandikwa chini ya wimbo wa mapenzi wenye maneno mfululizo, kisha ikapandishwa juu kuliko mwimbaji.

Kinachotokea ni hiki. Nguvu ya dramu hiyo iko chini, karibu Hz 40 hadi 100, lakini inaburuta mkia unaopanda hadi Hz 200 na 300, mahali penye kifua cha sauti ya mwanamume. Usipoipunguza pale kwa ikwaliza, vyote viwili vinakuwa tope. Halafu wimbo mzima unasukumwa kwenye limita, kizuizi cha vilele vya sauti, ili uwe na kelele. Limita haichagui: dramu ikigonga, inashusha kila kilichomo kwa mara moja, na mwimbaji akiwemo, kisha inaachia. Ndiyo maana unasikia sauti inazama na kuibuka, inazama na kuibuka.

Na inazama wapi? Mwishoni mwa mstari. Mashairi ya Kiswahili yameweka vina mwishoni, na log drum nayo hupenda kujibu pale pale mwimbaji anapomaliza. Chukua mistari miwili ya mizani minane minane: "moyo wangu umechoka, nafungasha naondoka". Dramu ya kwanza inagonga kwenye "-choka", ya pili kwenye "-ndoka". Msikilizaji anabaki na "moyo wangu ume..." na "nafungasha nao...". Kina chote kimeliwa. Aliyekaa usiku kutafuta maneno yanayokubaliana amefanya kazi ya bure, na dawa yake ni kusogeza pigo moja mbele au kulishusha desibeli 3 pale mwisho wa mstari tu. Dakika tano za kazi!

Kelele yenyewe hawaipati hata hivyo. Spotify na YouTube hushusha wimbo wenye kelele hadi karibu LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia), Apple Music karibu -16. Ukipeleka masta ya LUFS -6, Spotify inaishusha desibeli 8. Kinachobaki ni wimbo ulio sawa na wa wenzako kwa ukubwa, lakini umepondwa: dramu haina mgongo, matoazi yanakwaruza, gitaa limekuwa bapa. Juu ya hapo, vilele vikiachwa kwenye desibeli 0, faili likibanwa kwa ajili ya kustrimu vinapita kiwango na kukatika, na ndicho kile kikwaruzo unachokisikia kwenye kila "s". Spotify wenyewe wanashauri kilele kisizidi -1, na -2 kama masta ina kelele kupita -14. Ni namba moja ya kuandika kwenye limita.

Maneno yenyewe nayo yanaumizwa. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho, na mkazo ukihama maana inahama: barabara ya magari mkazo uko kwenye "ba" ya pili, barabara ya sawasawa mkazo uko kwenye "ra" ya kwanza. Sasa hivi melodi inatungwa kwanza kwa kuguna guna, maneno yanachomekwa baadaye, mkazo unaangukia popote. Unasikia "NAkupenDA" kama vile mwimbaji amejifunza lugha jana, na huyo kazaliwa Tanga. Kisha inakuja otutyuni, programu ya kunyoosha noti za mwimbaji. Kasi ya kurekebisha inawekwa 0 kwa nyimbo zote 17, na sauti za watu wa pwani, ambazo uzuri wake uko kwenye kuteleza na kutetemesha kati ya noti na noti, zinakatwa ngazi ngazi. Ongeza kasi hiyo ifike milisekunde 25 au 40, acha sauti ielee. Kama mwimbaji hawezi kushika noti hata hapo, arudie kurekodi.

Kolabo sitakaa nazo sana. Mgeni anatuma sauti kwa WhatsApp, faili limebanwa njiani, limerekodiwa chumba chenye mwangwi, na linabandikwa kando ya sauti kavu ya mwenyeji bila kusawazishwa. Mizunguko minane, kwaheri. Jina lake kwenye jalada ni kubwa kuliko mchango wake.

Na majina ya waliofanya kazi yako wapi? Kila wimbo unaanza na jina la prodyuza likipigiwa kelele, mara 17 ndani ya albamu moja, lakini mpiga gitaa hajulikani, mpuliza saksafoni hajulikani, binti aliyeimba sauti za pili ambaye ndiye aliyeubeba wimbo hajulikani. Hili si suala la sifa tu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamtambua mwanamuziki aliyepiga, na shirika linalokusanya na kugawa mirabaha haliwezi kumgawia mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote. Karatasi ya mgao inajazwa studio, siku ya kurekodi, kila jina na asilimia yake, jumla 100, na kila mmoja anasaini. Ukisubiri wimbo upate umaarufu ndiyo mkae kugawana, mtakutana mahakamani.

Nyongeza ya 1: Kuna mkuu kasema tunalalamikia kitu cha bure. Si bure. Kwa kiwango cha kbps 160 (kiasi cha data kwa sekunde), wimbo unakula karibu MB 1.2 kwa dakika. Albamu ya nyimbo 17 za dakika mbili na nusu ni MB 51, na ukiweka 320 ni MB 102. Bando hilo mtu kanunua kwa hela yake, na karibu nusu limekwenda kwenye nyimbo ambazo tayari anazo kwenye simu.

Nyongeza ya 2: Dada aliyeuliza kwa nini kwenye simu yake maneno yanasikika vizuri ila kwenye subufa ya nyumbani hayasikiki, umeuliza swali zuri. Spika ya simu haitoi kitu cha maana chini ya Hz 200, kwa hiyo log drum inabaki "tok tok" na sauti inapita juu yake. Subufa inatoa kile chote kilichofichwa, na tope linajitokeza. Prodyuza makini anasikiliza sehemu tatu kabla hajaachia: spika za studio kwa sauti ya chini, simu, na gari. Sauti ya chini ndiyo inayoumbua miksi mbovu, maana pale mwimbaji akipotea hutasingizia chochote.

Nyongeza ya 3: Prodyuza aliyekuja kujitetea kwamba msanii analeta sauti Jumatano na anataka wimbo utoke Ijumaa: nakuelewa, lakini mwambie kwamba wahariri wa Spotify wanataka kupelekewa wimbo angalau siku 7 kabla ya kutoka, hivyo akiripua anajinyima mwenyewe nafasi kwenye orodha zao. Na akikung'ang'ania kwamba anataka kelele kwa ajili ya klabu, mtengenezee masta mbili. Ile ya kelele mpe DJ kwenye flashi, WAV (faili lisilobanwa), siyo MP3. Kwa msambazaji peleka ya LUFS -10 hadi -12, kilele -2, na kabla hujaituma isikilize tena mwisho wa kila mstari kama kina kipo.