Vitabu vya hadithi au mbinu ya kufundishana: tuchague nini kwa ufahamu wa kusoma?

Mwalimu wa Kadutu: Walimu wenzangu wa Bukavu, kamati ya wazazi imetupatia fedha kidogo, na tunapaswa kuamua kabla ya Jumatatu: tununue vitabu vya hadithi, au tulipie mafunzo ya mbinu ya kufundishana, ambayo wanafunzi wenyewe hubashiri, huuliza, hufafanua na hufupisha? Wetu husoma kwa sauti vizuri, lakini ukiwauliza wamesoma nini, wananyamaza.

Mama wa Bagira: Mwalimu, hujatuambia ni darasa la ngapi, wako wangapi, wala wanasoma kwa lugha gani.

Chaki Nyeupe: Kufundishana, bila shaka. Watafiti Palincsar na Brown walipoieleza mwaka 1984, waliijaribu kwa wanafunzi wa namna hiyohiyo, wanaotamka maneno vizuri bila kuelewa.

Msomaji wa Ibanda: Naiheshimu mbinu hiyo, lakini niliiona ikiharibika. Katika shule niliyofundisha zamani, kitabu kimoja kilizungukwa na watoto zaidi ya kumi. Waliokaa nyuma hawakuuona ukurasa, hodari mmoja alibashiri, akauliza, akajijibu na kufupisha, na wengine wakanakili muhtasari wake. Mkaguzi alisifu madaftari. Nilipowapa aya mpya, kila mtu peke yake, wengi walichukua sentensi yenye neno lililomo katika swali, wakaiandika kuwa jibu. Ndiyo maana nasema vitabu kwanza.

Chaki Nyeupe: Huo ni uhaba wa maandishi, Papa. Aya fupi ubaoni inatosha, mradi mwalimu aonyeshe kwanza anavyofikiri anaposoma, kisha awaachie kazi polepole.

Mwalimu wa Kadutu: Samahani kwa kuchelewa: ni darasa la tano, wanafunzi 58, na wanasoma Kifaransa.

Mama wa Bagira: Hilo lilipaswa kutangulia! Watafiti Gough na Tunmer walieleza mwaka 1986 kwamba ufahamu ni zao la kutambua maneno na kuielewa lugha yenyewe. Kimoja kikikosekana, hakuna ufahamu. Wasome Kifaransa, wajadiliane kwa Kiswahili.

Chaki Nyeupe: Mama, mtihani hautawauliza kwa Kiswahili.

Mama wa Bagira: Mtihani hauwezi kumpima mtoto ufahamu ambao hakuwahi kuujenga katika lugha yoyote.

Msomaji wa Ibanda: Mwalimu, hivyo vitabu mnavyotaka kununua vimeandikwa kwa lugha gani?