Mwanza–Bukoba wanataka kunipitisha Dar! Hivi hawa jamaa wa ndege wana akili kweli?

Wakuu, naandika nikiwa bado uwanjani Mwanza, mikono inatetemeka. Mnawajua, sina haja ya kuwataja. Ni wale wale.

Nina tiketi ya Bukoba. Kwa anga haifiki hata kilomita 200, unakata ziwa, dakika 45 hivi, soda hujamaliza ushaambiwa funga mkanda tunatua. Muda wa kuondoka ukafika, kimya. Ukapita, kimya. Nasogea kaunta, yule dada anatafuna ubani, macho kwenye simu: "Ya leo haipo, kaka. Kesho tutakupitisha Dar. Kwani una haraka gani, Bukoba si hapo ng'ambo tu?"

SI HAPO NG'AMBO TU!

Mwanza–Dar kilomita kama 850. Dar–Bukoba zaidi ya 1,000, na ukinyoosha rula kwenye ramani, njia inarudi kupita jirani na Mwanza hii hii! Yaani nitawapungia mkono toka juu. Na mimi ni MSHENGA. Wazee wameshakaa, rubisi imeshamiminwa, posa iko kwenye begi langu. Boksi la sato limeanza kuchuruzika, mzungu wa pembeni kainua miguu juu ya kiti. Halafu mtu anakwambia si hapo ng'ambo tu!

Moderata msiuhamishe huu uzi.

Mla_Senene: Pole mkuu. Ila sato unapeleka Bukoba? Ziwa la kule limekauka?

Konda_Mstaafu: Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa tangu Juni 2025, kilomita 3 juu ya maji, kivuko hakuna tena. Wewe bado unabembeleza ndege. Panda basi la alfajiri.

Mleta uzi: Sengerema, Geita, Muleba, mgongo utanikopesha wewe? Na hamjanielewa. Kasema SI HAPO NG'AMBO TU, na ubani mdomoni!

Binti_Kanyigo: Panda meli, unalala Mwanza unaamkia Kemondo, bandari ya jirani na Bukoba. Na dada wa watu kasema kweli, ng'ambo ni ng'ambo.

Mla_Senene: Hahahaa mshenga kakwama, bibi harusi atazeekea kwao.

Ndaga_Fijo: Nyie mnalilia nini? Sisi tunaotua Songwe, uwanja wa ndege wa Mbeya, tumeshatoka Dar, tukafika juu ya Mbeya, ukungu umetanda, tukazunguka weee, tukarudishwa Dar. Mbeya tumeiona kwa dirisha, tena mawingu tu.

Mtoto_wa_Unguja: Afadhali yenu. Dar–Unguja dakika 20 angani, foleni ya kukaguliwa inaizidi safari yenyewe. Siku hizi napanda boti.

Konda_Mstaafu: Boti? Mwezi wa saba bahari ikichafuka utatapika mpaka jina lako.

Mtoto_wa_Unguja: Watapike wa bara. Sisi tunakula urojo humo humo.

Mleta uzi: Jamani, mada ni yule dada!!

Mla_Senene: @Ndaga_Fijo mkuu, mchele wa Kyela gunia bei gani sasa hivi?

Ndaga_Fijo: Njoo inboksi.