Gesi ni yetu, lakini tunalala foleni kuipata: nani alihesabu mipira ya kujazia kabla ya kutuhimiza?

Ndugu wanajamvi,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sitajifanya sina. Huu ni usiku wa tatu ndani ya wiki moja ninalala kwenye kiti cha gari katika foleni ya kujaza gesi asilia ya magari hapa Dar es Salaam. Nilifika saa tano usiku, nikaandikwa namba 64 kwenye daftari ambalo sisi madereva wenyewe tumelianzisha, kwa kuwa kituo hakina utaratibu wowote zaidi ya mlinzi anayegonga mabodi ya bajaji kwa kiganja ili zisogee.

Mimi naendesha taksi ya mtandaoni. Agosti 2022, vita vya Ukraine vilipokuwa vimelivuruga soko la dunia, petroli ilifika shilingi 3,410 kwa lita katika jiji hili, pamoja na kwamba Serikali ilikuwa ikimwaga ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi. Tukahimizwa tuhamie gesi asilia. Nilivunja kibubu, nikalipa shilingi milioni 1.8 kufungiwa mfumo na mtungi wa lita 60. Hesabu yenyewe haikuwa na ubishi: petroli ya siku moja, takriban lita 15, ilikuwa hainitoki chini ya shilingi 45,000, ilhali kilo kumi na moja za gesi kwa shilingi 1,550 kwa kilo zilikuwa hazifiki hata 18,000. Ndiyo maana walionifuata ni wengi, na ndiyo maana foleni imefika barabarani.

Sasa naomba mtu anieleze. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na inafika Dar es Salaam kwa bomba tangu 2004. Bomba kubwa la kutoka Mtwara lilikamilika mwaka 2015. Tunaambiwa chini ya ardhi na bahari yetu kuna zaidi ya futi za ujazo trilioni 57. Wakati huohuo kila lita ya petroli na dizeli inaletwa na meli na kulipiwa kwa dola, zile dola ambazo mwaka 2023 wafanyabiashara walizitafuta kwa tochi, na kila Jumatano ya kwanza ya mwezi taifa zima linakaa kusubiri EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, itangaze bei, mithili ya wanafunzi wanaosubiri matokeo ya mtihani waliofanyiwa na mtu mwingine.

Wapo wanaosema gesi haitoshi. Si kweli, na mtu yeyote aliyekesha kituoni analijua hilo. Gesi inafika kwa bomba, lakini ili iingie kwenye mtungi wa gari ni lazima kompresa iisukume hadi presha ya takriban bar 200. Kompresa zikiwa chache na magari yakawa mengi, presha inashuka. Unakaa saa nne, unaingia kwenye pampu, na mtungi wa kilo kumi na moja unapokea kilo saba. Ukihoji, kijana wa pampu anakuonyesha mshale wa geji na kukuambia, "Kaka, mwisho wake ndio huo." Kilo saba hazinimalizii siku, kwa hiyo jioni narudi tena kwenye foleni ileile.

Wiki iliyopita umeme ulikatika saa nane usiku na kompresa ikazimika, na jenereta ya kituo nayo ikagoma. Tulikaa gizani hadi alfajiri, katika mji ambao mitambo ya Kinyerezi inafua umeme kwa gesi ya bomba hilohilo. Nilicheka peke yangu, jirani yangu wa bajaji akadhani nimechanganyikiwa.

Ninachodai si muujiza. Sheli kubwa zilizo karibu na njia ya bomba zifungiwe kompresa, kila kituo kiwe na chanzo cha pili cha umeme kinachofanya kazi, na kompresa inapoharibika tutangaziwe mapema badala ya kugundua tukiwa namba 64. Najua kuna watakaoniambia nisubiri magari ya umeme, kwa kuwa bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115. Siyapingi hata kidogo, ila naomba safari hiyo vituo vya kuchajia vijengwe kabla watu hawajahamasishwa kuvunja vibubu vyao.

Kwa sasa, siku tatu kwa wiki nimerudi kwenye petroli, nikiwa na mtungi mtupu unaojaza buti yote. Jana nilimchukua abiria mmoja uwanja wa ndege. Alifungua buti, akautazama ule mtungi, kisha akaniuliza kwa upole masanduku yake mawili tutayaweka wapi. Moja alilipakata hadi Mbezi.