Tuzo ya historia ya bahari: wamekula elfu 50 yangu halafu jaji hajui hata mwaka wa Hijria

Wakuu habari zenu. Mimi ni mwalimu wa historia sekondari hapa Moshi, tangu juzi silali vizuri nimeona bora nimwage huku maana mama watoto nikimweleza ananijibu "si nilikwambia". Mods naomba uzi usihamishiwe kule kwenye vichekesho.

Ishu iko hivi. Mwaka jana kuna taasisi (siitaji, na nyie mkiijua msiitaje mtaniponza) ilitangaza tuzo ya utafiti wa historia ya bahari. Tangazo linasema wanataka utafiti halisi, vyanzo ambavyo havijawahi kutumika, sio kukopi vitabu, Kiswahili ruksa, na mtu yeyote anaruhusiwa kushiriki hata kama hana masta. Mshindi milioni 3 na makala yake inachapishwa. Ada ya kushiriki elfu 50, hairudi. Nikalipa, kwa mshahara huu huu mnaoujua.

Sasa mimi kuna mzee namfahamu Pangani, upande wa Bweni kule ukivuka na kivuko. Mjomba wake alikuwa nahodha wa jahazi, yeye mwenyewe aliingia chomboni akiwa kijana mdogo, kazi yake jikoni. Kazi ya jahazi lile ilikuwa kubeba boriti za mikoko kutoka Rufiji kupeleka Uarabuni, wanaenda na upepo wa kusi wanarudi na upepo wa kaskazi. Kule hakuna miti ya kujengea, dari zao zililalia mikoko yetu. Hata huku pwani ni hivyo hivyo, ukienda Lamu au Mji Mkongwe ukashangaa vyumba vya nyumba za kale mbona vyembamba hivi, jibu ni boriti, chumba hakiwezi kupita urefu wa mti uliobeba dari.

Mzee ana daftari la mjomba wake. Wakuu hilo daftari nimelishika kwa mikono yangu. Jalada limekuwa jeusi, pembeni mchwa wamekula, na mpaka leo linanuka sifa, yale mafuta ya papa wanayopakaga vyombo. Ndani ni Kiswahili kitupu ila kwa herufi za Kiarabu. Kila safari ina ukurasa, wamepakia wapi, boriti korija ngapi, mazio korija ngapi, pau, fito (hiyo yote ni miti ya mikoko ya unene tofauti, na korija ni hesabu ya 20), nani kakopa nguo, nani kashuka njiani anaumwa homa. Kuna baharia kaandikiwa deni la tende safari 3 mfululizo, sijui alikuja kulipa au ndio alilala mbele nalo.

Nimeenda Pangani mara 4. Moshi, Same, Korogwe, Segera, Muheza, Tanga, halafu daladala, halafu kivuko. Likizo yangu yote ya Juni niliimalizia kule nalala kwenye jamvi sebuleni kwa mzee, asubuhi yeye ananisomea mimi naandika, jioni namrudishia kumsomea anirekebishe, maana mimi herufi zile najua za kubabaisha tu. Nikapata safari 11 kamili. Hicho kama sio chanzo kipya basi mniambie chanzo kipya ni kipi.

Matokeo yametoka, nimekosa. Kukosa sio shida, mimi ni mtu mzima. Shida ni maoni ya jaji waliyonitumia kwa imeli, tena baada ya kupiga simu wiki 3 yule sekretari ananiambia "kaka vuta subira".

Jaji anasema "mwandishi anadai safari hizi zilifanyika 1376, hakuna ushahidi wa biashara hii kwa namna hii karne ya 14". WAKUU. 1376 ni HIJRIA, kalenda ya Kiislamu. Imeandikwa kwenye aya ya pili kabisa, tena nimeweka kwenye mabano, Mfungo Mosi 1376 yaani Mei 1957. Mtu amepewa kazi ya kuamua historia ya bahari ya Waswahili halafu hajui kwamba nahodha Mwislamu wa Pangani alikuwa anahesabu kwa Hijria? Na Mfungo Mosi kaipigia mstari na alama ya kuuliza. Mwanafunzi wangu wa kidato cha pili Mwislamu anajua Mfungo Mosi ni mwezi gani, akila Idi yuko ndani yake.

Subirini haijaisha. Pale penye korija kaandika "kipimo hiki hakieleweki, tumia tani". Korija ni 20 mkuu! Boriti korija 40 ni miti 800, hesabu ya darasa la tatu. Mimi nitajuaje tani, nahodha aliweka mizani baharini? Biashara nzima ya mikoko ilihesabiwa kwa korija, nikibadilisha kuwa tani ndio nakuwa nimetunga uongo.

Ya mwisho ndio imeniua. "Chanzo hakijahifadhiwa katika makavazi yanayotambulika, hivyo hakiwezi kukubalika." Si mlisema chanzo ambacho hakijawahi kutumika? Kikikaa makavazi miaka 50 kila mtu akapita nacho, upya wake unatoka wapi?

Na aliyeshinda? Simchukii, hongera zake, wala hana kosa. Lakini makala yake ni ile manowari ya Wajerumani, Königsberg. Ilizamisha Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar Septemba 1914, ikajificha delta ya Rufiji, ikamalizwa Julai 1915, mizinga yake 10 ikatolewa ikaenda kupigana nchi kavu. Stori tamu, mimi mwenyewe naifundisha. Ila imeshaandikwa na Wazungu mpaka basi, na yeye vyanzo vyake vyote ni vitabu vilivyochapwa, nimeangalia kimoja kimoja. Yaani delta ni ile ile, mikoko ni ile ile, meli iliyojificha hata mwaka haikumaliza ndio historia, majahazi yaliyoingia na kutoka humo vizazi na vizazi ni "kipimo hakieleweki".

Naona kuna jamaa hapo chini ameshaanza, "mtu wa Moshi na bahari wapi na wapi". Ndugu yangu maji ya Kikuletwa na Ruvu yanakutana bwawa la Nyumba ya Mungu yanaenda kumwagika wapi? Pangani. Yule mmisionari Rebmann 1848 alipandishwa huku Kilimanjaro na nani? Bwana Kheri, mtu wa pwani. Shanga na nguo alizovaa bibi wa bibi yako Kibosho zilishuka kwenye jahazi. Tulia.

Kwa hiyo ninachouliza ni viwili. Kuna mtu humu alishiriki akapewa maoni ya namna hii? Njoo inboksi tuandike barua moja, elfu 50 yangu waile lakini yale maoni wayafute. Pili, mwenye uzoefu wa kuhifadhi daftari la zamani bila kulichukua kwa mwenyewe anielekeze, maana kupiga picha kwa simu nimepiga ila kurasa za mwisho wino unapotea, na mzee hataki litoke nyumbani, na mimi namwelewa.

Mzee anapiga simu kila Ijumaa baada ya swala. "Mwalimu, wamesemaje wale?" Juzi nimemwambia bado wanasoma.